Mnaocheka mikweche, kadi za magari yenu ziko wapi?

Wiki mbili sijaandika kitu humu, matesti yalitubana hadi tukasahau majina yetu. Leo sina habari za lekcha wala za maji kukatika hosteli. Leo nina ugomvi, na nimeona niumalize hapahapa.

Hapa chuoni umezagaa msemo kwamba bora utembee kwa miguu kuliko kuendesha mkweche. Utausikia kwenye vibaraza vya hosteli, kantini, hata kwa kaka zetu waliomaliza na bado wanasubiri ajira. Gari la kwanza la msomi eti liwe Crown, Harrier au Subaru inayonguruma. Ukiwa na "namba A" iliyopauka rangi, unaitwa fundi makopo. Mimi nasema msemo huo ni uongo, tena uongo wa gharama, na watakaoulipia mwanzo kabisa ni sisi tunaosomea ualimu.

Siongei kwa wivu. Mkweche nimeumiliki mwenyewe miezi 28, kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2024. Toyota Starlet ya 1993, toleo lile wanaloliita EP82, injini ya cc 1,331, gia za mkono, bado ya kabureta. Lilikuwa limenizidi umri! Mimi nimezaliwa lenyewe tayari limeshabadilisha matairi mara kadhaa huko Japani.

Lilipatikanaje? Nilipomaliza kidato cha sita 2021 nilikaa nyumbani Ilula mwaka mzima nikilima nyanya na mama. Wanaoijua Ilula wanajua, pale ukisimama barabara kuu ya kwenda Dar unaona matenga ya nyanya kuliko unavyoona watu. Msimu ule tulibahatika bei. Mimi nikawa na milioni moja na laki sita, mama akaongeza milioni moja, tukamlipa mzee mmoja mstaafu milioni mbili na laki sita. Kadi ikaandikwa jina langu. Kumbukeni hilo la kadi, tutalirudia.

Gari lenyewe niliita Shangazi. Kwa nini Shangazi? Kwa sababu lilikuwa linachelewa kufika lakini halikuwahi kufika mikono mitupu. Weupe wake ulishageuka rangi ya chai ya maziwa kwa vumbi. Kioo cha dereva kilishushwa kwa mkono, na kupandishwa kwa mkono na dua. Redio ilikuwa inakamata stesheni moja tu, na hiyo moja ilisikika vizuri ukipiga dashibodi upande wa kushoto. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje peke yake, kwa hiyo kila abiria wangu alishuka kama waziri, lazima mtu azunguke kumfungulia.

Halafu kuna asubuhi za Juni na Julai. Baridi ya Iringa mnaijua, na kabureta ya kale haipendani nayo kabisa. Stata ya kwanza anakohoa, ya pili ananuna, ya tatu anaitika. Betri ikilegea nilikuwa naegesha kwenye mteremko usiku, asubuhi naachia handibreki, gia ya pili, klachi juu... huyoo, kawaka! Nilijifunza kutoa plagi, kuisugua kwa msasa, kupima oili kabla ya safari, kusikiliza mkanda unaolia na kujua unalilia nini. Wale wenye magari ya kubonyeza kitufe wakipata tatizo wanafungua boneti na kuitazama injini kama mtu anayetazama mtihani wa somo asilolisoma.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Wacheka mikweche wana hoja tatu kubwa, nitazichukua moja moja.

Ya kwanza: gari zee ni aibu. Aibu ya nani? Gari ni chombo cha kazi, kama jembe. Hakuna mtu Ilula anayemuuliza mwenzake jembe lake la mwaka gani, anaangalia shamba. Shangazi uzito wake haufiki kilo 900, lakini ukilaza kiti cha nyuma alibeba matenga yetu hadi sokoni mjini, akapanda kile kilima cha kutoka Ipogolo kwa gia ya pili, taratibu, malori yakituzomea kwa honi. Akafika. Nyanya zikauzwa asubuhi zikiwa bado ngumu, badala ya kusubiri fuso la mtu na kuuza mchana zikiwa zinatoa maji.

Usiku mmoja, saa saba, jirani yetu alishikwa na uchungu. Usafiri mwingine uliokuwepo ni bodaboda, na we hebu mfikirie mama mwenye uchungu juu ya bodaboda, barabara ya vumbi, giza totoro. Shangazi aliwaka kwa stata ya kwanza usiku ule, sijui alielewaje. Mtoto alizaliwa salama hospitalini kabla ya alfajiri. Baba yake akataka kumwita Starlet, bibi zake wakakataa katakata. Niambieni pale nani alikuwa na aibu.

Na hapa niseme jambo ambalo wasichana wenzangu wanalijua na wavulana wanajifanya hawalijui. Chuoni binti akionekana na gari zuri, swali ni moja tu: nani kakununulia? Hawaulizi alilima nini wala aliuza nini. Kuna mabinti wana biashara zao halali kabisa na majina yao yamechafuliwa kwa sababu ya gari. Kuna na wengine, tusifichane, ambao hilo gari linawafunga kwa mtu mzima mmoja ambaye siku yoyote anaweza kusema rudisha ufunguo. Mimi nilipopita na Shangazi walicheka, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza kanihonga nani. Milioni mbili na laki sita zinatoka kwenye nyanya, na zinaonekana kabisa kwamba zimetoka kwenye nyanya. Hiyo ni heshima kubwa kuliko rimu za kung'aa.

Hoja ya pili: gari zee linakula hela, mafundi watakumaliza. Hii nayo inasemwa sana na watu ambao hawajawahi kupiga hesabu. Mimi nilikuwa na daftari. Kila spea, kila senti ya fundi niliandika, maana ndivyo mama alivyonizoesha shambani. Kwa miezi 28 matengenezo yalikula 1,180,000: matairi manne, betri, klachi, rejeta iliyozibwa mara mbili kisha ikabadilishwa, breki, na vidogovidogo. Nilinunua 2,600,000, nikauza 2,300,000. Kwa hiyo thamani ilishuka laki tatu tu. Jumlisha na matengenezo unapata 1,480,000. Gawanya kwa 28. Kama elfu 53 kwa mwezi! Mafuta na bima sijaweka, kwa sababu hivyo hata mwenye Crown analipa, na kwa mafuta analipa zaidi. Crown ya V6 ya cc 2,500 haiwezi kunywa kama Starlet. Na kumbukeni ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo kila lita unayonunua unalipia na kodi yake. Mwenye injini kubwa anachangia taifa zaidi, tunamshukuru.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2023 kwenye BTP nilipangwa shule moja ya sekondari, pale kulikuwa na mwalimu kijana, mchapakazi, wanafunzi wanampenda. Alikuwa na gari jipya jipya, limemetuka. Alilichukua kwa mkopo: kila mwezi 410,000 kwa miaka mitano. Pigeni hesabu, ni milioni 24 na laki sita. Gari lenyewe dukani lilikuwa milioni 14. Na kabla ya hapo Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, kama itakavyochukua kwetu sote tuliosoma kwa bumu. Kwa watumishi wa umma utaratibu unataka ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwalimu wetu alikuwa anaishi na hiyohiyo theluthi. Ikifika tarehe 10 anaanza kukopa kwa wale wa kausha damu, ili aweke mafuta kwenye gari alilolikopea. Siku za katikati ya mwezi gari lilikuwa linabaki nyumbani limefunikwa turubai, yeye anakuja shuleni kwa miguu. Yaani ule msemo wenu ulitimia: alitembea kwa miguu. Tofauti ni kwamba alitembea akiwa anadaiwa.

Na mbaya zaidi ilikuja baba yake alipolazwa. Alitaka kuuza gari. Hakuweza. Kadi ilikuwa kwa mkopeshaji, na bila kadi huuzi chochote, labda uuze kiti. Gari unaliosha wewe, unalijaza mafuta wewe, unapigiwa picha wewe, lakini mwenyewe yupo ofisini kwake na kadi ndani ya kabati la chuma.

Linganisheni na Julai 2024. Kantangaze, wale wadudu wa nyanya, walikuwa wamemaliza shamba la mama, majani yamekauka kama yamebabuliwa. Wakati huohuo mdogo wangu akapata nafasi ya kusomea uuguzi, ada inatakiwa haraka, vinginevyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilikaa na mama jikoni, hatukuongea sana. Alhamisi nikamtangaza Shangazi kwa watu, Jumamosi jamaa mmoja mfugaji wa kuku akaja na fedha taslimu. Nikamkabidhi kadi, tukaenda kufuata taratibu za kubadilisha umiliki, mchezo ukaisha. Mdogo wangu sasa hivi anavaa sare nyeupe. Nililia? Nililia kidogo, nyuma ya banda, nisionekane. Lakini nililia kwa kumkosa Shangazi, wala si kwa kudaiwa. Hivyo ni vilio viwili tofauti kabisa, na cha pili mwalimu wangu yule anakijua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na hii naiheshimu: usalama na moshi. Wapo wanaosema magari ya zamani yapigwe marufuku yote, basi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Sisi Tanzania tunaruhusu, ila gari likishazidi miaka 8 linaongezewa ushuru. Sibishani na hizo za mpakani, kila nchi ina sababu zake. Na sibishi kwamba Starlet ya 1993 haina mifuko ya hewa, na moshi wa kabureta ni mchafu kuliko wa gari la kisasa. Ukigongana uso kwa uso, gari jipya litakulinda zaidi. Huo ni ukweli na nitakuwa mwongo nikiukana.

Lakini umri wa gari ni jambo moja na ubovu ni jambo jingine. Tuangalie huko magari yanakotoka. Japani gari dogo jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, ukaguzi wa kweli kweli na wa gharama, wanauita shaken. Na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake inapanda. Ndiyo maana Wajapani wengi wanaona nafuu kuuza mapema, na kwa sababu nao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, yanatufaa. Kwa maneno mengine, tunapokea magari yaliyotunzwa na sheria kali, halafu sisi wenyewe tunaacha kuyatunza. Gari la miaka mitano lenye matairi kipara na breki za kubahatisha ni hatari kuliko Starlet ya miaka thelathini iliyoshikwa na mtu mwenye akili. Fundi wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ananiambia: "Binti, gari halifi, linauawa."

Kwa hiyo kama mnataka usalama, daini ukaguzi wa kweli kwa magari yote, mapya kwa mazee. Ile stika ya Nenda kwa Usalama ibandikwe kwenye gari lililopandishwa juu na kutazamwa chini, si kwenye kioo tu. Marufuku ya jumla itamwadhibu muuza nyanya wa Ilula na kumwacha mwenye Crown ya matairi kipara apite anapunga mkono.

Na mwenye mkweche naye ana wajibu, nisije nikaonekana natetea uzembe. Fedha ya kwanza baada ya kununua iende kwenye breki na matairi, muziki baadaye. Usinunue tairi kwa kuangalia weusi wake, maana wanazipaka dawa. Angalia ubavuni zile tarakimu nne za mwisho: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Imeandikwa 2319, ujue imetengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Mikanda ya viti yote ifanye kazi, na abiria afunge hata kama anaenda hapo tu. Gari lisipokuwa na mfuko wa hewa, mkanda ndio mfuko wake. Taa za breki kagua kila wiki, muombe mtoto asimame nyuma akuambie. Na usikimbie! Shangazi mwendo wake ulikuwa 70, hata anapoteremka, na kila aliyetaka kunipita nilimpisha kwa moyo mweupe.

Wadau wa Elimu, hasa mnaomaliza mwaka huu, nawaomba msikilize. Baadhi yetu tutapangiwa shule zilizo kilomita nyingi kutoka lami, huko ndani Kilolo, Mufindi, Songea au Kigoma. Wiki ya kwanza tu utaanza kupigiwa simu: mwalimu, tunakukopesha, leta salari slipu tu. Watakuonyesha picha ya gari linalong'aa. Siku hiyo ukumbuke theluthi moja. Ukumbuke kwamba mwalimu anayewaza deni tangu asubuhi hafundishi, anasogeza muda. Tena wanafunzi wanajua! Mimi niliwasikia kwa masikio yangu wakisema, leo mwalimu gari lipo kwenye turubai, tusimsumbue.

Nunua kinacholingana na mfuko wako, lipa taslimu, kadi weka chini ya godoro. Kianze kukohoa, kianze kununa, kiitwe kopo. Kikubebee mbolea, kikubebee mgonjwa, kikufundishe kushika spana. Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, Vitz ikachukua nafasi, lakini mafundi wetu bado wanazifahamu kama wanavyofahamu majina ya watoto wao, na spea zake hazijapotea. Baadaye ukipanda cheo, ukijaliwa, chukua hiyo Crown, nami nitakuja kukupongeza na kuomba lifti. Ila ichukue kwa fedha yako.

Na mimi? Sasa hivi natembea kwa miguu kama nyie, kutoka hosteli hadi darasani, sina deni la mtu zaidi ya la Bodi. Nina akiba kidogo ya tuisheni ninayofundisha wikendi. Mama amepanda tena nyanya, safari hii kawahi kupiga dawa. Nimeshamwambia fundi, akiona mkweche mwingine wenye chasisi isiyooza anishtue.

Haya, wenye maoni leteni, wenye Crown msinune, na wenye kadi mkononi nyoosheni mikono tuwahesabu. Kesho nina asaimenti ya Saikolojia ya Elimu ambayo sijaandika hata jina. Alamsiki!